Mtaa Umeshabadilika

Mabishano yalianza mtu alipopiga picha bango na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, huku Goba, Dar es Salaam. Bango lilikuwa limechomekwa mbele ya kiwanja chenye migomba na msingi wa nyumba ulioachwa zamani, likieleza kwamba mwenye eneo anaomba kubadili matumizi kutoka makazi kuwa kituo cha mafuta. Usiku ule simu haikutulia. Wapo waliosema mafuta yakisogea karibu ni maendeleo, tuache roho mbaya. Wapo waliouliza visima vyetu vitakuwaje. Kijana mmoja ambaye sura yake siifahamu akaufunga mjadala kwa swali: "Tuseme ukweli jamani, kingekuwa kiwanja chako ungekataa?" Zikafuata emoji za kicheko, kisha kimya.

Mimi sikuandika kitu. Jibu ninalo, ila ni refu mno kwa kundi la WhatsApp. Nimekulia kwenye mtaa uliobadilishwa kiwanja kimoja baada ya kingine. Nimepanga kwenye nyumba iliyovunjwa ili ghorofa lisimame. Nimekaa na mama yangu kwenye kikao cha pingamizi, na mwisho nikagawana na ndugu zangu fedha zilizotokana na mabadiliko hayo hayo. Nayaeleza kwa mfuatano wake, maana kila moja lilinifundisha jambo ambalo lililotangulia halikuweza kunifundisha.

Baba alipata kiwanja Sinza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulikuwa wakati wa ule mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, uliozaa Sinza, Kijitonyama na sehemu ya Mikocheni: serikali inapima, inachonga barabara, inavuta maji, halafu mwananchi anajijengea mwenyewe. Baba alikuwa karani. Alijenga kwa mkopo wa Benki ya Nyumba, benki iliyokuja kufa mwaka 1995. Viwanja vilikuwa vidogo; ukipiga chafya chumbani kwako, jirani anakuitikia "afya" akiwa kwake.

Hati ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na baba alipenda kuitoa mbele ya wageni. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini sharti moja alikuwa amelikariri na kutufasiria mara nyingi: kiwanja na jengo litakalojengwa juu yake vitatumika kwa makazi tu, Kundi A, kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1960. Alilitaja kwa fahari, nami utotoni nilishangaa mtu anawezaje kujivunia katazo. Baadaye nikaelewa. Wa kulia kwetu alikuwa amekubali sharti hilo hilo, na wa kushoto, na wa nyuma. Baba alikuwa amejinyima haki ya kufungua gereji, na kwa kujinyima huko akanunua usingizi wake kwa majirani, ambao nao walinunua wao kwake. Hivyo ndivyo mpango wa matumizi ya ardhi unavyofanya kazi ukiuangalia kutoka dirishani kwako: kila mmoja anaachia kidogo ili wote wapate kitu ambacho hakuna anayeweza kujipatia peke yake.

Wa kwanza kulegeza ahadi hiyo tulikuwa sisi. Miaka ya 1980 mshahara wa karani haukumaliza hata nusu ya mwezi, na kila mtumishi mwenye ua alikuwa na mradi. Wetu ulikuwa kuku wa mayai. Banda likaegeshwa kwenye ukuta wa jirani, mwalimu mstaafu, mtu mpole asiyepandisha sauti. Jioni moja akabisha hodi, akapewa kiti na chai, akaulizia afya za watu wote wa nyumba yetu mpaka zikaisha. Ndipo akasema, "Mzee mwenzangu, siku hizi kuku wako wananisalimia kabla yako."

Baba alicheka, lakini wiki ile ile banda lilihamishwa upande wa pili, maranda yakawa yanabadilishwa mara kwa mara, na trei ya mayai ikavuka ukuta. Hakuna aliyetaja hati wala kwenda ofisini. Nimeifikiria sana jioni ile, kwa sababu ndiyo mara pekee katika simulizi hii ambapo mabadiliko ya matumizi yalimalizwa vizuri. Harufu iliyomfikia mwalimu ilitufikia sisi kwanza. Mwenye mradi alilala pale pale penye mradi, na kesho yake angekutana na aliyemkera akiwa njiani kwenda dukani. Yaliyofuata Sinza yalifanywa na watu ambao harufu haikuwafikia.

Kwenye kona ya barabara yetu palikuwa na nyumba ambayo mwenyewe alihama, akaipangisha. Zilikuwa zama za Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, na biashara zilikuwa zikichipua kila mahali. Mpangaji alianza na dirisha dogo la soda na mkate, na sote tulishukuru, maana duka lililokuwa karibu halikuwa karibu. Baadaye vikaja viti vya plastiki vitatu chini ya mwembe. Likaja friji la bia. Likaja banda la makuti, jiko la nyama choma, na mwishowe spika mbili zilizoelekezwa barabarani, yaani kwetu. Hakukuwa na siku ambayo mtu angeweza kusema leo ndipo nyumba imegeuka baa. Kila hatua ilikuwa ndogo mno kwa mtu mzima kuonekana akigombana nayo.

Nilikuwa najiandaa na mtihani wa kidato cha nne. Nilisoma Biolojia kuanzia saa tisa usiku, muziki ulipozimwa, mpaka adhana ya alfajiri. Mama alilala na pamba masikioni. Wazee wa mtaa walikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, na wakamkuta kwenye kiti kimojawapo cha plastiki, akiwa na chupa mbele yake. Walipoandika barua juu zaidi, akaja mtu wa ofisini kuangalia. Alitembea barabara yetu kwa miguu, akaona fremu mbili za maduka zilizofunguliwa mbele ya uzio, saluni, na gesti iliyokuwa ikijengwa. Akamwambia baba kwa upole kabisa, "Mzee wangu, mtaa umeshabadilika."

Baadaye mwenye nyumba ile aliomba rasmi kubadili matumizi, na sababu kubwa kwenye ombi lake ilikuwa kwamba eneo lile tayari ni la biashara. Ilikuwa kweli. Lilikuwa la biashara kwa sababu yeye, kupitia mpangaji wake, alikuwa ameshalifanya hivyo. Nguvu ya ombi lake ilitoka kwenye ukiukaji wake mwenyewe, na baada ya hapo kila aliyetaka kufungua chochote alielekeza kidole kwenye kona ile. Hapo nilijifunza kwamba barabara haibadilishwi na maombi ishirini. Inabadilishwa na la kwanza, na hilo la kwanza mara nyingi haliandikwi kabisa: linajengwa, linafunguliwa, linazoeleka, halafu karatasi inakuja kulifuata.

Kuna jambo lingine ambalo wakati ule hatukulijua. Sheria haipimi kelele kwa masikio ya anayelala bali kwa aina ya eneo. Kinachovumiliwa kwenye mtaa wa biashara si kile kinachoruhusiwa kwenye mtaa wa makazi. Kwa hiyo barabara ikishahesabiwa kuwa mchanganyiko, jirani hapotezi utulivu tu, anapoteza na hoja ya kuudai. Miaka mingi baadaye, baraza la mazingira, NEMC, lilipoanza kuzifungia baa zinazopiga kelele, mama alinipigia simu kunisomea habari hiyo gazetini. Akasema, "Wangekuja ulipokuwa na mtihani."

Nilipopata kazi nilihamia Kariakoo, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: korido katikati, uwani nyuma, baraza mbele ambako fundi cherehani alikuwa amekaa miaka mingi kuliko mpangaji yeyote. Kodi tulilipa miezi sita kwa mkupuo. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa makamo ya mama wa mama yangu, akiishi chumba cha mbele, na sote tulimwita Bibi.

Kariakoo ni mahali pazuri pa kuelewa mambo haya, kwa sababu yenyewe ni mtoto wa kugawa ardhi kwa matumizi. Miaka ya 1920 Waingereza waliigawa Dar es Salaam kwenye kanda tatu. Karatasi hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya jengo, vifaa vya kujengea na kama biashara inaruhusiwa. Lakini aliyeweza kumudu jengo la kanda ya kwanza alikuwa Mzungu, ya pili ikajaa Wahindi, na ya tatu, yenye Kariakoo na Ilala, ikawa ya Mwafrika. Watu wakaziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kuzitenga hizi mbili za mwisho. Kwa hiyo tangu mwanzo mchoro wa mji ulikuwa ukiamua zaidi ya wapi pajengwe nini. Uliamua nani aishi karibu na nani, na nani hana haja ya kuulizwa.

Nilipokuwa mpangaji, mchoro huo ulikuwa ukifutwa. Mitaa ya Kariakoo ilikuwa ikipanda juu, nyumba moja moja. Siku moja baada ya alasiri Bibi akatuita uwani, akatumiminia kahawa, akatuambia ameingia ubia na mtu: yeye anatoa kiwanja, yule anajenga ghorofa, kisha wanagawana. "Wanangu, msinione mbaya," alisema. "Nyumba hii mimi na marehemu tumeijenga kwa vitumbua. Nikifa nayo hivi, wajukuu watagombania mabati."

Hakuwa mbaya. Alimrudishia kila mmoja wetu kodi ya miezi iliyobaki, na wajukuu wale leo wana mahali pa kuishi na pa kupangisha. Kama kuna anayedhani kila ombi la kubadili matumizi ni ulafi, angekaa nasi uwani siku ile. Mjane aliyekalia ardhi ya thamani huku akila mlo mmoja hakuwa na deni la kuhifadhi mtaa kwa ajili ya kumbukumbu zetu.

Lakini nilitazama pia upande wetu. Ukiacha chumba cha Bibi, vyumba vitano ni familia tano, na hakuna karatasi yoyote iliyokuwa na mstari wa kuandika majina yetu. Sisi hatukuwa majirani kwa maana ya ofisi. Fundi cherehani alipoteza baraza, na kwa fundi baraza ndiyo anwani. Wateja wake hawakujua jina lake kamili, walijua pale anapokaa. Ghorofa lilipokamilika, sehemu aliyokuwa akiweka mashine ikawa fremu ambayo kodi yake ya mwezi ilikuwa kubwa kuliko alichoshona kwa mwezi. Na mzee wa nyumba ya pembeni, ambayo haikuwa na ubia wowote, aliamka siku msingi ulipochimbwa akakuta ukuta wake wa chumbani umepata ufa wa kupitisha kidole. Akauziba kwa saruji. Ukarudi.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, lilianguka na kuua watu 36. Nilipoiona habari hiyo nilimkumbuka mzee yule na saruji yake. Kibali hutolewa kwa kiwanja chenye namba na mipaka, lakini uzito, mtetemo na maji havisomi namba.

Siku hizi mpangaji ana sababu mpya ya kuuliza nafasi yake. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na katika nyumba nyingi anayenunua umeme ni mpangaji, ambaye anaambiwa akamalizane na mwenye nyumba. Tumeweza kumpata mpangaji kwa ajili ya kodi kwa sababu mita ina namba. Tunashindwa kumpata anapotakiwa kuulizwa kama jengo la jirani litamzibia hewa.

Baba alishafariki ombi lilipotufikia Sinza kwa mlango wa mbele. Kiwanja cha mwalimu mstaafu, yule wa kuku, kilikuwa kimeuzwa na watoto wake. Mnunuzi alitaka kujenga lodji ya ghorofa. Tangazo lilikuwa limetoka gazetini, na kwa kuwa mama siku hiyo hakununua gazeti, asingejua lolote kama asingekuja kijana mmoja na karatasi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Sikai mama. Ni saini tu ya jirani, kwamba huna pingamizi."

Mama alivaa miwani, akasoma karatasi mbele na nyuma. Nyuma ilikuwa tupu. Akauliza, "Maji ya vyooni yataenda wapi?" Upande wetu kila nyumba ilikuwa na shimo lake. Kijana akasema hayo yako kwenye ramani. "Wageni watalaza wapi magari?" Yako kwenye ramani. "Madirisha yatatazama wapi?" Yako kwenye ramani, mama. "Basi, mwanangu," mama akamwambia akimrudishia karatasi, "niletee ramani nisaini ramani."

Ramani haikuja. Kikaja kikao kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, nami nikaomba ruhusa kazini nikaenda naye. Watu walikuwa wengi na walisema kwa uchungu. Wengine walizungumzia maadili, kwamba lodji itawaharibu mabinti. Wengine walimzungumzia mnunuzi mwenyewe, fedha zake zimetoka wapi. Mmoja aliinuka akasema tu, "Hatutaki," akapigiwa makofi mengi kuliko wote.

Afisa mipango miji alikuwa kijana mwenye subira. Alisubiri makofi yaishe, kisha akasema jambo ambalo ningependa kila mtaa wa nchi hii ulisikie. "Hasira zenu nimezisikia, lakini siwezi kuzipeleka kwenye kamati. Kamati ya madiwani haiwezi kuandika kwenye muhtasari kwamba watu hawataki. Niandikieni athari. Nini kitatokea, kwa nani, umbali gani, na mngependa kifanyike nini."

Usiku ule tuliandika barua mimi na mama, na majirani wachache walioweza kukaa. Tulipima kwa futikamba kutoka mahali ambapo shimo la majitaka lingekuwa mpaka jikoni kwetu. Tukaandika kwamba gari la kunyonya haliwezi kufika nyuma, kwa hiyo shimo liwe mbele. Tukaandika kwamba maji ya mvua kutoka bati kubwa kiasi kile yangemwagika uwani kwetu kama hakuna mfereji. Tukaomba madirisha ya upande wetu yawe ya juu, ya kuingiza hewa na si macho. Tukaomba maegesho yawe ndani ya kiwanja. Nilipoisoma barua ile mara ya mwisho niligundua haisemi popote kwamba tunapinga. Ilisema kwa masharti gani tunaweza kuishi pamoja.

Karibu yote yalikubaliwa. Kibali kilitoka na masharti hayo ndani yake, jengo likapanda, shimo likawa mbele, madirisha yakawa juu, na chini ya nguzo pakaachwa nafasi ya magari. Nilidhani tumeshinda. Kisha, kidogo kidogo, kwa mwendo ule ule wa dirisha la soda, nafasi ya magari ilijengewa kuta na kugawanywa kuwa fremu. Magari yakarudi barabarani, mbele ya geti la mama. Tulipolalamika tukaulizwa nakala ya masharti, na hakuna jirani aliyekuwa nayo. Masharti yalikuwa kwenye faili. Magari yalikuwa mlangoni. Tulikuwa tumejifunza kuomba, hatukuwa tumefundishwa kwamba sharti lisilo na mtu wa kulilinda linadumu mpaka siku mafundi wanapoondoka.

Jambo jingine la siku zile ni la mzee wa ng'ambo ya barabara, rafiki wa baba tangu ujenzi. Tulimpelekea barua yetu atie saini. Aliisoma, akaisifu, akaikunja vizuri. "Shemeji," alimwambia mama, "kila kilichoandikwa humu ni kweli. Lakini leo nikimpinga huyu, kesho nikiomba mimi nani atanisainia?" Hakutia saini. Sikumlaumu wala silaumu sasa. Alisema kwa sauti kile ambacho wengine walikificha kwa kusema wana safari. Mwenye nyumba anayeulizwa kuhusu kiwanja cha jirani anaulizwa pia kuhusu chake. Maumivu ya leo anayapima na bei ya kesho, na kesho huwa nzito. Ndiyo maana barabara yenye wamiliki thelathini inaweza kugeuzwa bila hata mmoja wao kupenda: kila mmoja anaachia jirani apite ili njia isifungwe kabla zamu yake haijafika.

Zamu yetu ilifika mama alipofariki. Madalali walikuja kabla arobaini haijasomwa. Mmoja alitaja bei, na mdogo wangu akamwomba arudie, kwa sababu alidhani amesikia vibaya. Mnunuzi hakuihitaji nyumba. Alihitaji eneo, na bei yake ilikuwa imeshahesabu kwamba matumizi yatabadilishwa. Kiwanja cha makazi tu kisingefika hata nusu yake. Tulikaa kikao cha familia, kaka yangu akaongea, dada yangu akalia, tukauza. Mgawo wangu ndio uliomalizia nyumba ninayoishi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama ningekataa, jibu langu ni kwamba sikukataa. Sidhani swali hilo linamuumbua anayelijibu hivyo. Linaonyesha tu kwamba tunauliza mtu asiyestahili kuulizwa. Bei tuliyopata haikutoka kwenye jasho letu. Sehemu ilitoka kwenye lami iliyojengwa kwa kodi za watu wote. Sehemu ilitoka kwenye ruhusa ambazo ofisi ilizitoa kwa wengine kabla yetu. Sehemu, nalisema hili bila furaha, ilitoka kwenye usiku ambao mama yangu alilala na pamba masikioni, kwa sababu ni baa zile zilizoifanya Sinza iwe mahali pa kuendea. Uamuzi wenye faida ya kiasi hicho kwa mmoja na gharama iliyotawanywa kwa wengi hauwezi kuachiwa wema wa mwenye kiwanja wala wivu wa jirani. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 iliweka mamlaka ya kupanga miji kwa sababu hiyo hasa.

Tatizo ni kwamba tumezoea kuamua kiwanja kwa kiwanja. Dar es Salaam ilipata mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, kisha ikakua kwa zaidi ya miongo mitatu ikiutegemea huo wa mwisho, mji ukiwa umeshauacha mbali. Pengo hilo lilijazwa na maombi ya mtu mmoja mmoja. Kila ombi, likisomwa peke yake, lina busara: grosari moja, lodji moja, kituo kimoja. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba Sinza iwe ilivyo. Ingekuwa haki zaidi kwa baba kama angeambiwa mapema kwamba barabara hii itakuwa ya biashara na ile ya nyuma itabaki ya kulala, kisha mpaka huo ukalindwa. Angechagua.

Mpaka hilo litokee, kuna mambo madogo ambayo hayahitaji sheria mpya. Jirani aonyeshwe mchoro kabla ya kuombwa saini. Wapangaji waitwe kwenye kikao, na maoni yao yaandikwe kwenye muhtasari. Anayetaka kupinga apime, ataje umbali na ataje anachotaka. Kwenye kituo cha mafuta, kwa mfano, kisima kilicho karibu na mahali pa matangi na foleni itakayoziba njia ya watoto wa shule ni hoja ambazo ofisi, NEMC na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wanaweza kuzishika mkononi. Na kibali kikitoka, nakala ya masharti ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, ili fundi akianza kujenga ukuta kwenye maegesho, mpita njia yeyote aweze kumuuliza.

Zaidi ya yote, watu wahudhurie kikao cha ombi la kwanza, hata kama kiwanja kiko barabara ya tatu kutoka kwao na hakiwahusu kwa lolote. Ombi la pili litalitaja la kwanza kama ushahidi, na la tatu halitahitaji ushahidi.